Siku Walipofika Tatu

Simu ilipoita, Mama Maombi alikuwa anashona kola ya shati la shule. Kwenye kioo lilitokea jina la mdogo wake, Refa. Hakusimamisha cherehani. Aliibana simu kati ya sikio na bega, akasema, "Refa, kama ni habari za mieleka tena, niache kwanza. Nina mashati ya watu hapa."

Upande wa pili kulikuwa na makelele, kisha mtu akashusha pumzi.

"Dada, si Refa."

"Ni nani huyo na simu ya mdogo wangu?"

"Ni mimi, fundi. Yule wa kuchomelea mageti. Dada, alianguka saluni. Tukahesabu. Tukafika tatu, hakuinuka."

"Basi mwinueni!"

"Tumeshamfikisha hospitali, dada. Daktari ametoka sasa hivi. Anasema pole."

"Asante," Mama Maombi akajibu, kama mtu yeyote anavyojibu akiambiwa pole, na simu ikakatika.

Akamalizia kola. Akakata uzi kwa meno, akalikunja shati, akaliweka juu ya mengine. Mwenzake wa cherehani ya pili ndiye aliyeona kwamba kola imeshonwa ndani nje. "Mama Maombi, leo umelogwa?" alimtania. Mama Maombi akamtazama kama mtu asiyejua lugha. Kisha akasema, "Refa amekufa," na aliposikia sauti yake mwenyewe ikilitamka neno hilo ndipo alipoelewa fundi alikuwa amemwambia nini.

Refa alikuwa kinyozi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kiti kimoja kilichokuwa kikiyumba, benchi la mbao, kioo chenye ufa pembeni, na televisheni iliyofungwa juu kabisa ili asiwepo wa kuigusa. Jina la Refa alipewa na wateja. Ukuta mzima ulioelekea kile kiti ulikuwa umebandikwa picha za wanamieleka, wa kwanza juu, wa kumi chini, na chini ya ukuta huo watu wazima wenye wake na watoto walibishana kila siku ya Mungu kuhusu nani apande na nani ashuke. Sheria ilikuwa moja: aliyekaa kwenye kiti ndiye mwenye zamu ya kusema, na hakuna ruhusa ya kumkatiza, maana akigeuka kwa hasira wembe hauna macho. Refa mwenyewe hakuwahi kutoa maoni. Ukimwuliza nani bingwa wa mabingwa, anakupuliza nywele shingoni na kusema, "Refa hana kura, bwana. Inamisha kichwa."

Picha za juu zilikuwa zimebandikwa na kubanduliwa mara nyingi hata rangi ya ukuta pale kwenye nafasi ya kwanza ikawa imekwisha, saruji ikabaki uchi.

Mambo yakizidi, watu wakianza kusimama na kunyoosheana vidole, Refa alikuwa na dawa yake. Alizima mashine ya kunyolea, akaiweka rafuni taratibu, kisha akajiangusha chali sakafuni, puu, mikono huku na huku, kama mwanamieleka aliyepigwa akazimia. Hapo hata aliyekuwa ametukanwa aliacha. Wote walipiga benchi kwa viganja, kama mwamuzi wa mieleka anavyohesabu hadi tatu kumtangaza aliyeshindwa: "Moja! Mbili!" Ikifika mbili, Refa anainua bega. Hapo kicheko, na ubishi unakuwa umefungwa kwa siku hiyo. Tatu haikuwahi kutamkwa katika saluni ile.

Mama Maombi hakuupenda mchezo huo. Yeye ni mtu wa kanisa, na jina lenyewe alipewa na Refa kwa utani, mtaa mzima ukalidaka. "Unajilaza chini kama maiti mbele za watu," alikuwa akimwambia. "Mauti hayataniwi."

"Mama Maombi," Refa angejibu, "si wewe uliyenifundisha?"

Na ilikuwa kweli. Wazazi wao waliondoka mapema, na Mama Maombi ndiye aliyembeba Refa mgongoni akiwa naye bado msichana. Walilala godoro moja. Jioni yule mtoto alikuwa akijirusha kwenye godoro, analala chali na kusema, "Hesabu, dada." Dada anahesabu. Kwenye mbili mtoto anaruka, na dada anajifanya kushangaa. Refa hakuoa. Aliishi katika chumba cha nyuma ya nyumba ya dada yake, na akiulizwa habari za mke alisema, "Nikioa, atapata mama mkwe, wifi na mchungaji katika mtu mmoja. Mwacheni maskini wa watu."

Katika saluni hiyo walikuwapo marafiki wawili waliompenda Refa kuliko wote: fundi wa mageti na mwenye bucha la pembeni. Fundi alikuwa wa Kipanga, mwanamieleka mwembamba aliyekuwa akiruka kutoka juu ya kamba hadi watu wanafumba macho. Bucha, maana hilo ndilo jina walilomwita, alikuwa wa Jabali, pande la mtu ambalo hakuna aliyewahi kuliinua.

"Jabali ameshika mkanda miaka na miaka," Bucha alikuwa akisema. "Kipanga wako kapigwa mara ngapi? Hesabu vidole, ukimaliza vua viatu."

"Kupigwa si hoja. Kipanga akianguka, ukumbi mzima unasimama. Jabali wako akishinda, watu wanatafuta njia ya kutokea. Wewe tatizo lako unapima watu kwa kilo kama maini."

"Na wewe umezoea cheche. Kila kinachong'aa unadhani ni moto."

Watu walicheka, lakini siku moja Bucha hakucheka. Neno la maini lilimwingia. Aliinuka, akaibandua picha ya Kipanga kutoka nafasi ya kwanza, akaichana vipande. Fundi akamshika shati. Waliamuliwa, na Bucha akaapa kwamba hatakanyaga tena pale. Ndivyo watu wawili waliozikiana wazazi wakaacha kusalimiana kwa ajili ya watu wasiojua hata kama wao wapo duniani. Miezi ikapita, mmoja akimwona mwenzake anakuja, anavuka barabara.

Aliyeumia zaidi alikuwa Refa. Kinyozi hajinyoi kisogo, na kwa miaka yote kisogo cha Refa kilinyolewa na Bucha, kila Jumamosi kabla ya kufungua. Bucha alikuwa na mkono mwepesi ajabu kwa mtu wa mapanga. Alipokoma kuja, Refa hakumpa mtu mwingine shingo yake. Nywele zikaota hadi kwenye kola. "Kinyozi gani huyu?" dada yake alisema. "Unaonekana kama ufagio." Refa akajibu, "Subiri. Wataketi pamoja hawa. Siku hiyo nitakuwa bwana harusi."

Asubuhi ya kifo chake alitoka nyumbani akipiga mluzi. Alimwambia dada yake, "Leo ndiyo leo. Niombee." Dada, aliyekuwa anatafuta mkasi wake, akasema, "Nimekuombea tangu unazaliwa, nenda kazini." Yaliyofuata Mama Maombi aliyasikia kwenye korido ya hospitali, kutoka kwa Bucha mwenyewe, aliyekuwa ameketi sakafuni na aproni yake ya kazi bado kifuani.

"Alinipigia simu," Bucha alisema. "Akaniambia, njoo uninyoe, shingo inaniwasha kama mbuzi. Nikaja. Namkuta huyu." Akamwonyesha fundi, aliyekuwa amesimama ukutani. "Kumbe na yeye kaitwa kuja kuchomelea kiti. Tukajua tumetegwa. Tukaanza. Jabali, Kipanga, na ya nyumbani tukayaingiza humo humo. Refa alikuwa ananyoa mtu. Akainua mkono, kama anataka kusema. Kisha akaanguka."

"Na ninyi?"

Bucha akamtazama fundi. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu waje hospitali.

"Tukahesabu," fundi akasema. "Dada, tulidhani ni ile yake ya siku zote. Moja, mbili. Tulipoona hainui bega tukajua leo anakoleza utamu, tukapiga na tatu. Mimi na Bucha tulikuwa benchi moja. Tunapiga pamoja."

"Mlikuwa mnacheka?"

Fundi akatazama viganja vyake.

"Nauliza, mlikuwa mnacheka?"

"Tulikuwa tunacheka, dada," Bucha akasema. "Kisha nikasikia mashine. Ilikuwa chini, bado inanguruma. Refa haangukagi na mashine. Anaizima kwanza, anaiweka. Hapo ndipo nilipojua."

Mama Maombi aliiona picha yote. Mdogo wake amelala chini, roho inamtoka, na watu wazima wanapiga benchi wakicheka. Daktari alikuwa ameshamweleza: mshipa wa kichwani ulipasuka. "Hata angeangukia mikononi mwangu, mama, nisingeweza kitu." Alimsikia, lakini maneno yale yalipita kama maji juu ya mawe. Alichokisikia yeye ni viganja juu ya mbao.

"Hamtamgusa," aliwaambia. "Jeneza la mdogo wangu hamtalibeba. Tafuteni mtu mwingine wa kumhesabia."

Mchungaji alikuja nyumbani, akajaribu. Majirani wakajaribu. Watu walijaa uani, viti vikaazimwa, sufuria zikapanda motoni, na kila aliyeingia alimshika mkono na kumwambia, "Kazi ya Mungu haina makosa." Mama Maombi mwenyewe alikuwa amewaambia wafiwa wangapi maneno hayo! Sasa kila aliyeyasema alimwonyesha kiti tu. Alipiga magoti kitandani ili asali, yeye anayeweza kuomba mpaka watoto wakasinzia, na hakupata hata neno la kuanzia. Alibaki anaitazama shuka.

Siku moja kabla ya mazishi alikwenda mochwari kupeleka suti. Mhudumu akafunua. Uso wa Refa ulikuwa mtulivu, lakini ndevu zilikuwa zimechomoza, na mhudumu alipomwinua kidogo ili apime shati, Mama Maombi akaona kisogo. Zile nywele za ufagio zilikuwa pale pale.

"Tunaye mtu wa kunyoa," mhudumu akasema. "Ila nisikufiche, mama, mkono wake mzito."

Mama Maombi akakitazama tena kisogo. Refa, aliyewatengeneza mabwana harusi wa mtaa mzima, aende mbele za Mungu hivi? Akafungua mkoba, akatoa simu ya marehemu, akampigia Bucha.

Simu iliita sana. Ilipopokelewa, sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyeona kitu asichokiamini.

"Refa?"

"Si Refa," akasema. "Ni dada yake. Njoo mochwari na wembe mpya. Na mwenzako mje naye. Kichwa kinataka mtu wa kukishika."

Walikuja wote wawili, wameoga, kila mmoja na shati la kanisani. Mama Maombi akabaki mlangoni. Fundi alikishika kichwa kwa mikono yake yenye makovu ya cheche, kama mtu aliyebeba yai. Bucha akapaka povu. Akaanza kunyoa.

"Geuza kidogo," Bucha akasema.

"Hivi?"

"Hapo hapo."

Baada ya miezi yote ile, hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza yasiyo ya ugomvi. Refa hakuyasikia. Mama Maombi aliliwaza jambo hilo na akaona kwamba hajui amshukuru Mungu au amuulize.

"Mstari wa chini unyooshe," fundi akasema. "Alikuwa anaupenda unyooke."

"Unanifundisha kazi? Kisogo hiki nimekinyoa mimi tangu hujahamia."

"Sawa, mkubwa. Lakini huku umeacha."

"Wapi?"

"Hapa, nyuma ya sikio."

Bucha akainama kutazama, na hapo mabega yake yakaanza kutikisika. Fundi akasema kwa upole, "Ondoa wembe kwanza. Ondoa wembe, ndugu yangu." Bucha akauweka mezani taratibu, kama Refa alivyokuwa akiweka mashine, ndipo akalia. Fundi hakuwa na mkono wa kumshikia, kwa kuwa yote miwili ilikuwa chini ya kichwa cha Refa, naye akalia hivyo hivyo, amesimama.

Mama Maombi alisema, "Amina." Hakukuwa na sala iliyotangulia. Aliisema tu.

Akaingia, akapitisha kiganja kwenye kisogo cha mdogo wake. Kilikuwa laini. "Kesho mtakaa mbele," aliwaambia. "Mmoja kulia, mmoja kushoto."

Mazishi yalikuwa baada ya ibada ya asubuhi. Kwaya iliimba, mchungaji akasoma, akasema maneno machache, na hakujaribu kueleza lisiloelezeka, jambo ambalo Mama Maombi alimshukuru kwalo. Bucha na fundi walibeba mbele. Mmoja ni mrefu na mwingine mfupi, kwa hiyo mrefu alitembea amekunja magoti njia nzima ili jeneza lisiinamie upande. Wateja wa saluni walikuja karibu wote, wamejipanga nyuma, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa na la kubisha.

Walimshusha kwa kamba. Jeneza lilipogusa chini, likatoa mlio mdogo, na kundi lile la wateja likatikisika, maana ulikuwa mlio walioujua, ule wa Refa akijiangusha. Mama Maombi aliona viganja vinafumbwa. Aliogopa kwamba mmoja wao, kwa mazoea tu, ataanza. Hakuna aliyeanza. Ila yeye mwenyewe, kimoyomoyo, bila kukusudia, alijisikia anahesabu. Moja. Mbili. Akaishia hapo.

Kisha akachukua udongo kwa mkono wa kulia, akautupa. Bucha akatupa, fundi akatupa, na wengine wakafuata. Makoleo yakaanza kupokezanwa. Fundi alipochoka, Bucha alimpokea, na Bucha alipochoka, fundi akampokea, mpaka kaburi likajaa na kuinuka. Waliweka msalaba wa chuma ambao fundi alikuwa ameuchomelea usiku kucha. Mchungaji akatoa baraka. Watu wakanawa mikono penye ndoo karibu na geti, wakatoka polepole. Mama Maombi alitoka mwisho, ameshikwa mkono na wale wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto.