Udi Kabla ya Chakula

Kosa la kijana lilikuwa moja tu, na mama yangu hakuliachia: udi ulipita, yeye akakaa.

Nyumbani kwetu Al Khoudh, kama katika nyumba zote za Maskati ninazozijua, mgeni hupewa kwanza tende na kahawa, kisha halua, kisha matunda, kisha kahawa tena. Mwisho kabisa huletwa chetezo cha udi. Kila mmoja hujifukiza, husema maneno mawili matatu ya kuagana, na hutafuta viatu vyake. Hakuna amwambiaye mgeni aondoke. Moshi ndio unaomwambia, na ukishapita hapana kukaa.

Kijana huyu alikuja kwetu mara ya kwanza, kuposa, baada ya Alasiri. Ni Mmeksiko, mwalimu wa kuzamia, na wakati ule alikuwa na miezi minne tu Oman, akiishi Qantab pamoja na wazamiaji wenzake na kuwapeleka watalii chini ya bahari. Binti yangu, ambaye kazi yake ni kuhesabu matumbawe, alikuwa akipanda boti lao kila wiki. Kijana alikuwa amesilimu; hilo nililihakikisha kwa imamu wake mwenyewe kabla sijamfungulia mlango. Aliingia kwa adabu, akasalimu wakubwa kwanza, akala kidogo. Chetezo kilipomfikia akauvuta moshi kwa viganja viwili, akatabasamu, akakunja miguu na kuegemea takia kama mtu anayeanza safari ndefu.

Tulinyamaza. Yeye akadhani tumenyamaza kwa furaha. Magharibi ikaingia, tukasali naye, akarudi palepale. Akamaliza tende. Akamaliza zabibu. Aliondoka baada ya Isha, na nadhani hata hapo ni kwa sababu binti yangu alianza kukusanya mito.

"Hana malezi," alisema mama mlango ulipofungwa.

"Mama, yule mgeni. Hajui."

"Udi haufundishwi. Wewe nani alikufundisha?"

Kweli sikumbuki kufundishwa.

Kumwambia kijana mwenyewe haikuwezekana. Mgeni akiambiwa kwamba amekaa mno, aibu humrudia mwenyeji. Nilimwuliza binti yangu kama yeye angeweza kumdokeza.

"Nimwambieje, Baba? Bibi alikufukuza kwa moshi, hukusikia?"

Ikabaki hivyo. Mimi kijana nilimpenda, lakini katika nyumba yetu ndiyo ya baba haitoshi bila ndiyo ya bibi, na binti yangu alitamka wazi kwamba bila radhi ya bibi yake haolewi, si na huyu wala na mwingine. Mama naye alitoa sharti.

"Nnataka niione nyumba ilomlea mtu asojua udi. Nkishaiona ntasema."

Kwenda kuiona nyumba ya mposaji ni desturi yetu, na wazee wetu walitoka nayo Unguja. Unakwenda, unakaa, unatazama nani anaingia jikoni na nani anapandisha sauti. Ila kwa kawaida mtu hutoka Al Khoudh akaendesha gari mpaka Qurum, akarudi kabla ya chakula cha usiku. Nyumba hii ilikuwa Mazatlán, mji wa pwani wa Meksiko ambako watu huenda kufurahi.

Mimi sikusoma chuo. Ninayoyajua niliyatafuta mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa hiyo siamini safari isiyo na daftari. Kwa miezi kumi na minne nilijifunza Kihispania kila siku baada ya Alfajiri, saa moja kamili, pamoja na mazoezi ya maandishi. Wachumba walingoja. Binti yangu alianza kushuku kwamba nachelewesha kwa makusudi.

"Baba, sisi wenyewe tumepatana kwa Kiingereza kibovu. Wewe unataka kumwoa mama yake?"

Niliendelea kuandika. Daftari langu lilikuwa na kurasa arubaini. Niliandika kwamba chakula kikubwa huliwa mchana, saa nane au zaidi. Kwamba maharage mara nyingi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe, hivyo ni lazima kuuliza. Kwamba sahani ya pili haikataliwi. Kwamba mgahawani hesabu ya malipo haiji mpaka uiombe, kwani kuileta mapema ni kumfukuza mteja. Hiyo ya mwisho niliipigia mstari, nikaona kuwa ni watu wastaarabu. Chini ya kichwa cha "Kufukiza" sikuandika kitu, kwa sababu kichwa hicho hakikuwemo.

Tulifika tumechoka, mimi, mama na binti. Kijana alikuwa ametangulia wiki moja, akatupokea uwanja wa ndege na kutupakia kwenye teksi ya mji ule, ambayo ni gari dogo jeupe lisilo na milango wala madirisha. Dereva alikuwa na spika mbili kubwa kuliko injini. Mama alishika baibui lake kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine, na upepo wa bahari ukatupiga mpaka hotelini.

"Hili gari limemalizwa?" aliuliza.

"Limemalizwa, Mama. Ndivyo lilivyo."

Barabara ya ufukweni ilikuwa ndefu, na nilipoipima kwa hatua asubuhi iliyofuata niliacha kuhesabu kabla haijakwisha. Watu walikuwa kila mahali: wanaokimbia, wanaouza nazi, wanaopiga picha na mbwa wao. Mchangani kulikuwa na bendi, si moja, labda saba, kila moja na ngoma, tarumbeta, na lile baragumu kubwa la shaba linalomzunguka mpigaji kama chatu. Kila bendi ilipiga wimbo wake, na kati ya moja na nyingine hazikufika hatua thelathini. Nilihofia kichwa cha mama. Nilipomgeukia alikuwa akitikisa bega.

"Hii beni," alisema. "Beni ya harusi hasa, kama ya kwetu Unguja. Leo anaoa nani?"

"Hapana harusi. Hupiga hivi kila siku."

"Kila siku?" Alitafakari. "Basi pesa za harusi wanapeleka wapi?"

Binti yangu alinibana kiwiko, maana yake: amefurahi, ni dalili njema. Nami niliandika: *beni, amependa.*

Jumapili saa nane kasorobo tulipanda ngazi za mawe hadi nyumba ya mama wa kijana. Ilikuwa nyumba ya rangi ya samawati yenye nondo madirishani na ua mdogo wenye mndimu. Mwenyewe ni mjane, mfupi, mwenye mikono imara. Huuza kamba wa baharini sokoni, pamoja na wanawake wenziwe waliojipanga na mabeseni yao chini ya miavuli. Alimbusu mama shavuni, akambusu binti yangu, na mimi akanipa mkono, kwa sababu mwanawe alikuwa amemfundisha. Mezani kulikuwa na sahani tano, vitambaa vya kudarizi, na jagi la maji ya ndimu lililokosa barafu. Alimtuma kijana dukani mara moja akalete.

Kwa hiyo kijana hakuwepo. Hili ni muhimu.

Tuliketi. Mjane akaingia jikoni, akatoka na chetezo cha udongo kinachofuka moshi mweupe. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akamfukiza kuanzia miguuni, akapanda magotini, mabegani, mpaka kichwani, polepole, huku akinong'ona maneno ya heri. Kisha mimi. Kisha binti yangu. Haukuwa udi wala ubani. Ulikaribia zaidi sandarusi, na ulikuwa mzuri.

Mama alikaza mgongo. Akaitazama saa ya ukutani. Tulikuwa tumekaa dakika mbili, pengine tatu.

"Hata maji hatujanywa," alisema kwa Kiswahili, taratibu, bila kuondoa tabasamu usoni. "Haya, nyanyukeni. Tushafukuzwa."

Laiti ningetulia nikafikiri. Lakini nilikuwa nimekwisha kusimama. Miguu yangu imeutii moshi ule kwa zaidi ya miaka hamsini na haikungoja kuniuliza. Binti yangu, mwenye shahada mbili, alikuwa amekwisha kuvaa kiatu kimoja. Mjane alibaki katikati ya sebule na chetezo chake, akitutazama sisi watatu tukiagana na samani zake.

Alisema jambo upesi, jambo la kuuliza, na machozi yakaanza kumlengalenga. Nilijua ni lazima nimjibu. Nilifungua kinywa, nikatafuta katika miezi kumi na minne ya kazi, na sentensi pekee iliyojitokeza, kwa matamshi safi kabisa, ilikuwa: "Tuletee hesabu, tafadhali."

Mjane alikaa chini.

Mama alikuwa amekwisha kufika ngazini, mkoba kwapani, akishuka kwa kasi ambayo magoti yake hukanusha nyumbani.

"Nlisema mimi! Kama mama ndo huyu, mwana atajuaje? Huku wanakufukuza mlangoni!"

"Bibi, subiri!"

"Nshasubiri mwaka na zaidi, mjukuu wangu. Nyumba nimeiona."

Nilitazama uso wa binti yangu. Hakulia, alisimama tu kwenye ngazi na kiatu chake kimoja mkononi, kama mtu aliyesikia hukumu ikisomwa.

Chini ya ngazi kijana alikuwa akipanda na mfuko wa barafu begani.

"Bibi," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "wapi?"

"Kwetu."

Akamgeukia binti yangu. Waliongea Kiingereza chao, na nilisikia neno moshi, kisha neno mlango. Kijana akashangaa. Alieleza kwamba mama yake alizaliwa kusini, mbali na pale, na huko kwao mgeni wa heshima hufukizwa kwanza, asafishwe na vumbi la njia, ndipo aketi ale. Bila moshi, karamu haijafunguliwa. Asiyefukizwa ndiye asiyetakiwa.

Binti yangu alikuwa akimtafsiria bibi yake neno kwa neno, akafika katikati ya sentensi akanigeukia. Tulitazamana. Tuliliona jambo lile pamoja, mimi na yeye.

"Mama," nilisema. "Siku ile kwetu Al Khoudh. Udi ulipopita."

"Nini?"

"Alidhani ndio tunaanza."

Mama alisimama. Mfuko wa barafu ulikuwa ukidondosha maji kwenye jiwe.

"Unasema yule mtoto alikaa mpaka Isha..."

"Akingoja chakula, Mama."

"Na mimi nkampa zabibu!"

Alijipiga kifuani, akashika ukuta, nikadhani amepatwa na jambo. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka ushungi ukamtoka. Kijana hakuelewa, basi binti yangu akamweleza na yeye: udi kwetu ni wa nini, na yeye siku ile alifanya nini. Nilimwona akiihesabu ile jioni tena kichwani, kutoka Alasiri hadi Isha. Akakaa kwenye ngazi, na barafu yake mapajani.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mgeni haambiwi," binti yangu alimjibu.

"Na bibi alinichukia?"

Mama aliuliza amesema nini, akatafsiriwa. Akamwinamia kijana, akamfuta maji begani.

"Mwambie sikumchukia. Mwambie, kama ulikuwa na njaa vile ungesema, baba. Nyumba ina mchele." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe na daftari lako! Kurasa arubaini!"

Tulipanda tena. Mjane alikuwa palepale kwenye kiti, na nilipomweleza, safari hii kwa Kihispania kilichokubali kuja, alifunika uso kwa aproni na mabega yakaanza kutikisika. Sikuwa na hakika kama ni kilio au kicheko, mpaka akayarudia maneno yangu, kwa sauti yangu: "Tuletee hesabu, tafadhali." Amekuwa akiniita hivyo tangu siku ile.

Mama alikaa kwenye kiti kilekile. "Mwambie anifukize tena," aliniagiza. "Toka mwanzo. Safari hii ntakaa."

Alifukizwa toka mwanzo. Alikaa. Tulikula kamba wa kuchoma, kamba wa ndimu na pilipili, na kamba wengine waliopikwa kwa namna niliyoandika na bado siwezi kuisoma. Maharage niliyaulizia, yalikuwa ya mafuta ya mahindi. Sahani ya pili haikukataliwa, wala ya tatu.

Kama saa kumi na moja mama alifungua mkoba wake, akatoa kikopo cha udi alioukaanga mwenyewe nyumbani, wa sukari na mawaridi. Ndiyo zawadi aliyoileta ampe mwenyeji wakati wa kuondoka. Aliuweka mezani. Kijana, aliyekwisha kujifunza somo lake, akasimama haraka na kuvuta chetezo.

"Bibi, niwashe?"

"Kaa." Alikifunika kikopo kwa kiganja. "Huu haukuletwa kuwashwa leo. Mwambie mama yako auweke, aje nao Maskati. Utawashwa siku ya harusi."

Binti yangu aliinuka akaenda kutazama mndimu kwa muda mrefu.

Harusi ilifanyika majira ya baridi, Al Khoudh. Suala la udi lilijadiliwa vikao vitatu, na mama akaamua upitishwe mara mbili, mmoja mlangoni kwa kukaribisha na mmoja mwishoni kwa kuagana, ili kila upande upate haki yake. Niliandaa maelezo ya ukurasa mmoja, kwa lugha tatu, nikayabandika langoni. Hakuna aliyeyasoma. Shangazi yangu wa Qurum aliwasili saa mbili kamili amevaa dhahabu zake zote, akafukizwa mlangoni na mjane wa Mazatlán kuanzia miguuni hadi kichwani, akamshukuru, akampongeza kwa harusi nzuri, na akarudi kutafuta gari lake.