Nukta Iliyosimama Bondeni

Juzi, kwenye kibanda cha kuchaji simu pale sokoni Custom, mama mmoja alikuwa akizungukazunguka na simu mkononi. Binti yake aliyehamia ughaibuni alikuwa kwenye mbio ndefu za kuteleza juu ya theluji. Ramani kwenye simu ilionyesha njia yote, mabonde na milima, na nukta nyekundu ndiyo binti. Nukta ilikuwa imesimama.

"Mama, iko napumzika tu," alisema Mganda mwenye kibanda.

"Apumzike kwa baridi hiyo? Nani atamwona akianguka?"

Akaisukuma nukta kwa kidole. Ramani nzima ikasogea nayo. Mimi ni mwalimu; darasani watoto hufanya hivyo, nami huwasahihisha. Huyu nilimwacha asukume.

Hatimaye nukta ikaanza kupanda yenyewe. Mama akavua viatu, akasugua visigino.

"Sasa nipe kiti. Miguu imekufa kabisa."