Kifungo Kihesabiwe Ishirini

Kifungo kilitoka kinywani mwa mjukuu wangu pamoja na mate.

Nilikuwa nimemwinamisha nampiga mgongoni, mama yake yuko pembeni kajishika kichwa. Mtoto alipolia, nami nikapumua.

Halafu nikakitazama. Cha bluu. Cha kiwandani kwetu.

Na kishati alichovaa mtoto kilipita mezani kwangu, maana mkaguzi wa nguo za watoto ni mimi.

Asubuhi nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi, kifungo kiganjani.

Kwetu kila kosa lilikuwa alama moja. Uzi unaning'inia, moja. Kifungo kimelegea, moja. Nguo yenye kosa moja inapita, na fundi mwenye alama nyingi kuliko wote mwisho wa mwezi anafukuzwa kazi.

Basi mafundi wakawa wajanja. Kukata uzi ni kufumba na kufumbua, kukaza kifungo kunakula muda. Wote wakakimbilia mkasi. Alama zikashuka, tukapongezwa, na vifungo vikazidi kucheza.

"Kifungo kihesabiwe ishirini," nikamwambia. "Uzi ubaki moja."

Akanieleza kwa upole kwamba ubao wa alama utachafuka na wakubwa watamjia juu. Nikamjibu waje, watanikuta. Na muhuri wangu wa kupitisha nguo sigongi tena kwa hesabu ile.

Nikakaa, mikono mapajani. Nguo zikarundikana mezani, gari la mzigo linangoja nje. Jua lilipofika utosini, akakubali.

Mwisho wa mwezi ubao ukatundikwa. Watu wakasoma, wakanigeukia.

Wa mwisho, mwenye alama nyingi kuliko wote, alikuwa Umeme, fundi tuliyempa jina hilo kwa kasi ya mikono.

Umeme ni binti yangu. Mama wa yule mtoto.

Msimamizi akanisogelea. "Bibi, bado ni ishirini?"

Nikamjibu, "Ishirini."

Binti yangu akaniambia mbele ya watu wote, "Mama, umenifukuza wewe."

"Hesabu ya zamani ingekubakiza wewe, mwanangu. Mtoto je?"

Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Siku hizi anashona nyumbani. Hanisemeshi sana. Lakini kila kishati akikimaliza ananiwekea mapajani na kusema neno moja tu.

"Vuta."

Navuta kifungo kwa nguvu zangu zote. Hakitoki.

Wewe unayepima kazi za watu, shika hili: ukiyapa makosa yote uzito mmoja, watu watarekebisha lile jepesi, na lile linaloua utaligongea muhuri.

Ukiniuliza hata leo, bado ni ishirini.