Mstari Alioukata Wattie Gilfillan

Wattie Gilfillan alikwenda kumzika mkewe akiwa na penseli sikioni. Hakukusudia. Alikuwa seremala wa meli tangu akiwa na miaka kumi na mitano, na ile penseli bapa, nyekundu, ilikuwa imekaa juu ya sikio lake la kulia muda mrefu hata akaiona kama sehemu ya kichwa chake. Kiwanda cha meli pale Greenock kilipofungwa, alirudisha ovaroli, akarudisha funguo za kabati, penseli akaondoka nayo. Sasa alisimama kando ya kaburi la mkewe, Isa, mvua ikimpiga ubavuni, na waombolezaji wote wakaiona na hakuna aliyethubutu kusema. Ni Eck Purdie, Alexander kwa jina la ubatizo, rafiki yake tangu kiwandani, aliyenyoosha mkono, akaichomoa taratibu na kuitia mfukoni mwake.

Baada ya mazishi Wattie alipanda ngazi hadi fleti yake, akafunga mlango, akakaa jikoni. Hakula siku ile. Kesho yake hakula pia, na wala haikuwa kwa kusahau. Alikuwa ameshaamua kwamba hatakula tena.

Kule chini, katika mtaa unaoteremkia gatini, ilikuwapo baa iliyoitwa kwa Corrigall. Corrigall mwenyewe alikufa kabla Wattie hajazaliwa, na jengo lilikuwa limeuzwa na kuuzwa tena hata likaangukia kampuni moja ya Edinburgh ambayo hakuna mnywaji aliyewahi kumwona mtu wake. Mwenye baa hasa, kwa macho ya wanywaji, alikuwa Senga Tolmie, aliyehudumia nyuma ya kaunta ile tangu ujana wake, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha treni.

Senga alikuwa na desturi moja ambayo hakuiandika popote. Kila asubuhi alipofungua, alipanga bilauri za wateja wake wa kila siku kwenye rafu ya chini, kila moja mahali pake. Saa saba mchana aliitazama rafu. Bilauri ikiwa haijaguswa, hakusema kitu. Mtu ana mafua, mtu kaenda kuwaona wajukuu. Ikibaki pale siku ya pili, alimgeukia mnywaji aliye karibu naye na kumwambia maneno mawili tu: "Vaa koti." Mtu yule aliacha bia yake ikipoa povu, akavaa koti, akaenda kugonga mlango wa mwenzake.

Ndivyo Eck alivyofika kwa Wattie. Aligonga. Kimya. Akagonga tena kwa ngumi, kisha kwa kiatu, hata jirani wa juu akafungua dirisha na kumtukana, naye akarudisha matusi bila kuacha kugonga. Mwishowe mlango ukafunguka. Eck alimtazama rafiki yake, akaitazama sahani tupu na kavu mezani, akatoa kitu mfukoni.

"Nimekuletea penseli yako," alisema. "Na zamu ya domino ni yako. Vaa koti."

Wattie akavaa koti. Kwa Corrigall hakuna aliyemuuliza jambo. Walisogea wakampa nafasi mwisho wa kaunta, upande wa dirisha, na Senga akamwekea bakuli la supu ya shayiri kana kwamba aliiagiza. Akala. Mchana ule hakuwahi kuuzungumzia na mtu, hata na Eck. Kwa miaka tisa iliyofuata alikuja kila siku, akasimama pale pale, kiwiko juu ya kaunta mahali palipokuwa pamebonyea kidogo kwa viwiko vya watu waliosimama pale kabla yake. Alikunywa wiski moja ndogo na nusu painti ya bia, akacheza domino na Eck, akashindwa, akaenda nyumbani.

Kisha ikaja habari kwamba kampuni ya Edinburgh inataka kubomoa baa ile ndani yote na kutengeneza fleti za kupangisha.

Halmashauri ya mji ilimtuma binti mmoja, Rhona Imrie, mwenye koti la mvua la manjano na mkoba uliojaa fomu. Alisimama katikati ya baa, maji yakimdondoka, akaeleza kwamba jengo linaweza kuwekwa katika orodha ya majengo yasiyoguswa, ila anahitajika mteja wa siku nyingi wa kulipendekeza.

"Aandike kwa nini baa hii ibaki," alisema. "Kwa maneno yake mwenyewe."

"Mwulize Eck," Wattie alisema. "Huyo ndiye mwenye mdomo."

"Mdomo ninao," Eck akajibu, "ila herufi zangu hulewa kabla yangu. Mpe Wattie, binti. Huyu anaweza kukusimulia ukoo mzima wa bawaba ya mlango, wa baba na wa mama."

Watu wakacheka, na fomu zikasukumwa juu ya kaunta hadi zikasimama mbele ya Wattie.

Aliandika Jumapili tatu mfululizo, mezani jikoni, kwa penseli kwanza. Maneno yalimjia kwa urahisi uliomshangaza, kwa kuwa mbao alizijua. Aliandika kuhusu kaunta ya mahogani, futi ishirini na nane, isiyo na kiungo hata kimoja. Aliandika kuhusu mabomba madogo ya shaba ya kuongezea maji kwenye wiski, na vioo vilivyochorwa maua ya mbigili. Akaeleza jinsi mafundi walioijenga walivyoandika majina yao kwa penseli upande wa chini wa kaunta, mahali ambapo hakuna atakayeinama kutazama, kama mafundi wote wa mto Clyde walivyofanya kwenye kazi waliyoionea fahari.

Katika ukurasa wa sita aliandika mstari huu: *Ukikosa siku mbili kwa Corrigall, kuna mtu atakuja kugonga mlango wako.*

Akausoma. Akaiona barua yake ikisomwa kwa sauti katika ukumbi wa halmashauri, mbele ya watu waliomjua Isa. Akamsikia mmoja akiuliza: mlango wa nani uligongwa? Kwa nini? Uso ukamwaka moto hali yuko peke yake jikoni. Alichukua rula akaukata mstari ule, mkato ulionyooka kama wa msumeno mzuri. Na kwa kuwa nafasi ilibaki tupu, na yeye hakupenda kazi yenye pengo, akaandika mahali pake: *Sehemu za kaunta zilizobonyea kwa viwiko vya wanywaji zinastahili kupigwa msasa na kurudishiwa mng'aro wa siku ya kwanza.*

Jumatatu aliwasomea wenzake. Eck alisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi.

"Ni barua ya mapenzi kwa kabati," alisema. "Harusi lini?"

"Nyamaza, wewe. Ni barua nzuri."

"Nzuri, jamaa yangu. Nasikitika tu kwamba bibi harusi ana droo."

Senga peke yake hakucheka. Alizichukua karatasi, akazigeuza moja moja. "Wattie, sisi tuko wapi?"

"Vipi?"

"Kurasa sita. Sijaona mtu humu. Hata mlevi mmoja."

"Watu si mbao, Senga. Halmashauri haihifadhi watu."

"Nani kakwambia?"

Wattie alizikusanya karatasi, akazigonga kaunta ili zilingane kingo, akazitia katika bahasha.

Barua ilishinda. Rhona Imrie alikuja mwenyewe kuwaambia, mashavu mekundu kwa furaha: kamati iliikubali karibu neno kwa neno. Ubao, kioo, bomba, kila alichokitaja Wattie hakitaguswa. Wanywaji walimpiga Wattie mgongoni hata bia ikammwagikia. Eck alimvisha taji la vikalio vya bilauri akamtangaza mfalme wa makabati.

Kampuni ile haikuvunja sheria hata moja, na hilo ndilo linalouma kuliko yote. Iliisoma orodha, ikaona imekatazwa kugusa mbao, na ikaona haikukatazwa kitu kingine. Baa ikafungwa kwa ukarabati wa miezi saba, igeuzwe mkahawa. Senga alipewa barua ya kumshukuru kwa utumishi wake. Bilauri zake za rafu ya chini zilitiwa katika sanduku la kadibodi likawekwa nje kwenye mvua, na waliolipa watu wa kuzitoa nje hawakujua, wala hawakutaka kujua, kwamba wamelitupa daftari la pekee ambamo wazee wa mtaa ule walihesabiwa kila siku kuwa wako hai.

Wanywaji walijaribu kukutana kwingine. Baa ya karibu ilikuwa na televisheni sita. Mmoja akaacha kuja, kisha mwingine. Wattie na Eck walichezea domino jikoni kwa Wattie, lakini ngazi zilimshinda Eck kwa magoti yake, na Januari ilipokuja na barafu wakakubaliana wangoje hali ya hewa itengemae. Siku zikapita. Wattie alidhani Eck yuko Ayr kwa bintiye. Binti alidhani baba yake yuko kwa Wattie. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba yuko mtu mwingine aliyemwona.

Mtu wa posta ndiye aliyeona barua zimejaa mlangoni. Ilikuwa siku ya nne. Eck aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na daktari alimwambia binti yake, naye binti akamwambia Wattie kwa simu, akilia, kwamba baba aliishi pale sakafuni labda siku mbili kabla ya kufa. Labda zaidi kidogo.

"Siku mbili," Wattie alisema.

"Ndiyo, mjomba Wattie."

Alikata simu akabaki ameishika.

Baada ya mazishi alikwenda ofisini kwa Rhona Imrie, kofia mkononi. Alimuuliza swali moja: kama angeandika kwamba baa ile iliwalinda watu, kwamba kulikuwa na desturi ya kugongeana milango, ingesaidia?

Binti yule alifungua jalada, akaligeuza ili Wattie aone. Chini ya kurasa zake sita ilikuwapo fomu yenye kichwa cha habari: faida ya mahali hapa kwa watu wa mtaa. Ilikuwa tupu. Wattie aliikumbuka. Aliipokea pamoja na nyingine, akaiacha bila kuijaza.

"Sijui kama ingetosha, Bwana Gilfillan," Rhona alisema kwa sauti ndogo. "Lakini hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yake."

Mwezi Aprili ulikuja mwaliko wenye kingo za dhahabu. Mkahawa mpya wa Corrigall ulimwomba awe mgeni wa heshima siku ya kufunguliwa. Alimpelekea Senga habari. Senga, ambaye sasa alipika katika shule ya msingi juu kilimani, alisema heri afe, kisha akasema mwambie yule mjinga wa meneja asiguse bomba la tatu, huvuja. Wattie alikwenda peke yake, amevaa suti ya mazishi.

Kila kitu kilikuwapo. Vioo viling'aa. Meza zilifunikwa vitambaa vyeupe, wageni wa meli za kitalii wakila samaki wa moshi kwa uma ndogo. Ukutani, ndani ya fremu, yalitundikwa maneno yake mwenyewe kuhusu mahogani, na jina lake chini. Kamba nene ya zambarau ilizuia watu wasiikaribie kaunta. Meneja, kijana mwenye adabu, aliifungua kwa ajili yake. Wattie alikwenda moja kwa moja mwisho wa kaunta, upande wa dirisha, akaweka kiwiko.

Kiwiko kiliteleza.

Alipapasa kwa kiganja. Palikuwa pamenyooka. Fundi aliyepiga msasa alikuwa fundi kweli. Hapakubaki hata dalili kwamba mtu yeyote aliwahi kusimama pale. Wattie aliielewa kazi ile, na akajua nani aliyeiagiza.

Alitoa penseli sikioni. Alipiga magoti polepole, goti moja kisha la pili, akaingiza kichwa chini ya kaunta, na pale, gizani, kando ya majina ya maseremala wa kale, akaandika mstari aliokuwa ameukata kwa rula. Kuhusu siku mbili, kuhusu mlango. Chini yake akaandika: *Alexander Purdie aligonga wangu. Mimi sikugonga wake.*

"Umepoteza kitu, mzee?" meneja aliuliza, ameinama kwa wasiwasi.

"Ndiyo," Wattie alisema. "Nipe mkono niinuke."

Hakungoja chakula. Nje mvua ilikuwa nyepesi. Alitembea kilimani, akipumzika kila penye ukuta mfupi, akapita shuleni kumwulizia Senga, kisha akaenda hadi jengo analoishi, akapanda ghorofa mbili. Aligonga. Kimya. Akagonga kwa ngumi. Alipokuwa anarudi nyuma ili apate nafasi ya kutumia kiatu, sauti ile ya kusimamisha treni ilitoka ndani.

"Nakuja! Mlango utaulipa wewe?"

Senga alifungua, blanketi mabegani, macho mekundu, kikohozi kimemkaba. Alimtazama Wattie, suti yake, vumbi la magotini.

"Unataka nini?"

"Shuleni wanasema hukuja jana," alisema. "Leo pia."

Senga alishika mlango. Akaufungua zaidi. Hakuna aliyelitaja jina la Eck.

"Ingia, basi," Senga alisema. "Vua hilo koti, limelowa."