Salamu za Kompyuta na Zamu ya Mama Karimi

Mwanangu, nakumbuka siku moja pale Kiirua ambayo hadi leo ikinijia kichwani, nasonya. Umeniambia unakusanya vijana wa kujitolea mtengeneze programu ya kijiji. Vizuri. Lakini kaa chini kwanza.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nimetoka kusomea kompyuta mjini Meru, na kanisa letu lilikuwa limepewa moja, kuukuu lakini inawaka. Tukakubaliana na wenzangu wa kujitolea tuandike programu ya kugawa zamu za maji ya mtaro wa kumwagilia mashamba, maana watu walipigana kila wiki. Mama Karimi, mjane aliyelima kule mwisho wa mtaro, zamu yake ilirukwa kila mara. Viazi vyake vilikuwa vinanyauka, na ndivyo vilivyomlisha yeye na watoto.

Nikafanywa mratibu. Ole wangu! Unatujua sisi: wawili wakikutana, mmoja ni mwenyekiti na mwingine ni makamu. Kabla hatujaandika hata mstari tulikuwa na mwenyekiti, katibu, patroni, na mweka hazina asiye na hazina. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi huku hatuna bahari, lakini mrama tulikwenda. Kila Jumamosi tunafungua kwa maombi, nachemsha chai, halafu kila mtu anataka kuandika ule ukurasa wa kukaribisha, eti ndio utakaoonekana. Huyu anaweka rangi ya samawati, mwenzake anakuja anaibadilisha kijani. Na hesabu ya zamu? Aa, hiyo ni ya fulani. Fulani yuko wapi? Ameenda Kinoru kutazama mpira.

Siku ya kuonyesha kazi, Mama Karimi akaja na gambuti zake za matope miguuni. Nikawasha. Kompyuta ikamkaribisha, ikamtajia viongozi wote, ikanyamaza.

"Inasalimu vizuri," akasema. "Sasa maji yangu ni lini?"

Akanigeukia mimi mratibu.

"Wewe Kagendo, huu mtaro tuliuchimba mimi nikiwa na mimba. Kila nyumba ilipewa kipande chake mbele ya watu. Kama hujachimba chako, maji yanasimama hapo na kila mtu anaona ni kwako. Hatukuchagua mwenyekiti wa kusalimia maji!"

Nilitamani ardhi inimeze. Hapo hapo nikagawa vipande, watu wote wakisikia: wewe majina ya nyumba, wewe hesabu ya zamu, wewe kuchapisha. Wengi walinuna, wakaniita dikteta, wakaenda zao. Waende! Wachache waliobaki ndio waliomaliza.

Karatasi ya kwanza ilipotoka, nikampelekea Mama Karimi mbio, meno yote nje. Akaisoma siku yake, akatazama shamba.

"Asante, mwanangu. Viazi vimeshakufa, lakini nitateka ya kufulia."

Basi mwanangu, usigawe vyeo ili watu wafurahi. Mpe kila mmoja kipande chake, kijulikane hadharani, na mwenye kiu ndiye aseme kama kazi imekwisha. Aliyekuja kutafuta jina mshukuru, umfungulie mlango. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe mara nyingi si lako wewe unayengoja.

Mungu akupe watu wachache wenye mikono, akuepushe na makamu, na kazi yako iwafikie watu shamba likiwa bado kijani.