Chai ya Oswini

Naikumbuka siku ile hata nisipotaka, mwanangu, na sijawahi kukusimulia. Ila jana nilipokuona ukimsemesha mwanao mbele ya wageni ili wacheke, nikaona nisinyamaze tena.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikiishi Msamala kwa dada yangu Skolastika. Yeye alishinda sokoni akiuza mboga, mimi nikibaki nyumbani na mwanawe Oswini, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema. Kiatu alikiita "twende", maana kila alipovishwa viatu alisikia neno hilo. Kijiko kilikuwa "aaa". Na kwa kuwa dada alikuwa akimwachia chai ya rangi kwenye chupa ya soda, basi chochote kilichokuwa ndani ya chupa, kwake kilikuwa chai.

Mimi nikaufanya mchezo. Majirani wakija, nanyanyua chupa ya soda tuliyowekea mafuta ya taa na kumuuliza, "Oswini, hii nini?" Akijibu "Chai," tunacheka mpaka machozi, naye anafurahi kutuona tunacheka. Sikumwambia hata mara moja kwamba yale ni mafuta. Mchezo ungeisha.

Siku hiyo mchana nilikuwa barazani nasukwa nywele. Oswini akatoka ndani, akanivuta gauni.

"Chai mbaya," akasema. "Chai mbaya."

Nikamwambia aliyekuwa ananisuka, "Leo mama yake kasahau sukari." Tukacheka. Mtoto akarudia, akakohoa, akakaa chini miguuni pangu. Sikumtazama, kichwa changu kilikuwa kimeshikwa. Ilipomalizika mistari miwili ndipo nikamnyanyua, nikasikia harufu ya mafuta ya taa mdomoni mwake.

Tulimkimbiza hospitali, lakini mafuta yalikuwa yameshaingia kwenye mapafu. Siku ya tatu akafariki.

Dada hakunigombeza. Alikuwa akinipita tu ndani ya nyumba kama asiyeniona. Baada ya mazishi, mama yetu, aliyekuja kutoka kijijini, aliniita pembeni.

"Mtoto alikwambia," alisema kwa sauti ya chini. "Alitumia neno alilokuwa nalo. Na neno hilo wewe ndiye uliyemwachia."

Nimezaa watoto wanne tangu hapo. Kila mmoja alipoanza kusema, watu walicheka, mimi nikashindwa.

Sikukatazi kucheka, mwanangu. Watoto wanachekesha, na wewe hujakosa kitu. Ila ukishacheka, mtajie kile kitu jina lake. Akikujia na neno lake la ajabu, acha unachofanya, umtazame usoni, umuulize mpaka ujue anataka kusema nini. Na mafuta yaweke juu, tena yasikae kwenye chupa ya soda.

Mungu akukuzie huyo mwanao. Akuzeeshe mbele ya macho yake, na siku ikifika, awe yeye wa kukuzika wewe.