Milimita na Mashine Mbili

Kaka yangu anaitwa Milimita. Jina la kwenye kitambulisho analo, lakini hata mke wake akikasirika humwita hilo hilo. Alipewa na mafundi wa ujenzi, baada ya kusimamisha kazi ya ghala zima kwa sababu nguzo moja ilipishana na mchoro wake kwa upana wa kucha. Walimtukana, wakambembeleza, wakamtolea mpaka soda. Wapi! Nguzo ilivunjwa ikajengwa upya, na yeye akasimama pale pale na futi yake mpaka zege likamwagwa.

Amechora ramani za majengo kwa miaka thelathini na saba, kwanza kwa kalamu na rula juu ya meza kubwa, baadaye kwa kompyuta. Mimi ni dada yake mdogo na karani wake. Nafungua madirisha, napokea wateja, napokea simu, nachapa, nabana karatasi, na ninamvumilia, ingawa hilo la mwisho halimo kwenye mkataba.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi hupanda ngazi pamoja na wateja. Chumba cha mbele kina meza yangu na printa. Cha nyuma kina kompyuta moja na viti viwili, kimoja cha kaka na kimoja cha binti yake.

Binti alijiunga nasi miaka sita iliyopita, akitoka kusomea upimaji ardhi. Yeye hachori nyumba. Anarusha droni juu ya shamba au bonde, inapiga picha mamia kwa mamia, kisha kompyuta inaziunganisha zote kuwa ramani moja yenye vilima, mitaro na kila kichaka mahali pake. Ni kazi inayotaka masaa, na masaa ndiyo hayakuwepo. Kaka alikalia kompyuta kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Mtoto alipewa makombo. "Ukimaliza zile picha, nipishe," ndivyo baba mtu alivyokuwa akimwambia. Zile picha. Hata siku moja sikumsikia akiziita kwa jina lingine.

Sasa mimi ndiye ninayepokea simu, kwa hiyo nilijua jambo ambalo kaka hakulijua. Katika kila simu nne zilizolia ofisini mwaka ule, tatu zilikuwa za kumuulizia binti. Sikumwambia kaka. Nilijitia hamnazo kwa sababu sikutaka kumuumiza mzee, na leo najuta.

Jumanne moja kompyuta ikafa. Chumba cha nyuma kikanuka kuungua, kaka akashikilia kwamba ni rangi ya duka la chini, mpaka moshi ukamwingia puani ndipo akachomoa waya. Fedha iliyokuwepo ilitosha mashine moja tu.

Kesho yake binti akanisimamisha kwenye ngazi. Alikuwa na barua ya kampuni kubwa ya upimaji. Walimtaka, na walitaka jibu kabla ya Ijumaa kwisha.

"Shangazi, sitaki kuondoka," akasema. "Lakini nataka kujua kama hapa nina kazi, au namsaidia Baba tu. Ananunua kompyuta. Basi nitaona anamnunulia nani."

"Mwambie hivyo hivyo."

"Hapana. Nikimwambia atanunua ya kunibembeleza. Na wewe usimwambie."

Akaniapisha. Nikaapa kwa shingo upande, maana namjua kaka yangu.

Alhamisi tukaenda kwa fundi kompyuta, mimi na kaka. Binti alikuwa kwenye ofisi za mradi wa maji, wale waliompa kazi ya kupima bonde lao. Fundi huyu ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ana utaratibu wake. Hauzi mashine kwa maneno. Lazima mteja alete kazi yake halisi, aifungue mbele yake katika kila mashine, na yeye anapima muda kwa saa ya jikoni, ile ya kuangalizia mayai, na kuandika kwenye kipande cha boksi. Asiyetaka kusubiri anaelekezwa duka la jirani.

Mezani kulikuwa na mashine mbili zisizo na mifuniko. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya kawaida ya mezani, ndogo na kimya. Ya pili ilikuwa lidude lililojengwa kwa prosesa ya zamani ya seva, zile kompyuta kubwa za kuhudumia ofisi nzima, iliyong'olewa kwenye kampuni iliyobadilisha mitambo.

"Prosesa ni kama genge la vibarua," fundi akatueleza. "Hii mpya ina vibarua sita, wote wana mbio. Hii ya seva ina kumi na wanane, ila wamekula chumvi, mwendo wao wa taratibu. Inanguruma, na umeme inakula. Lakini memori yake ni kubwa mara nane ya ile nyingine, kwa sababu memori za zamani zinapatikana kwa bei ya kutupa. Ipi bora? Sijui. Inategemea kazi yako inawatuma vibarua wangapi kwa pamoja."

Kaka akachomeka flashi yake na papo hapo akapotea ndani yake. Faili halionekani. Akaniambia nimpigie mtoto. Nikapiga, nikaweka simu mezani kwa sauti kubwa, binti akamwelekeza babake lilipo, likapatikana. Mchoro wa nyumba ya ghorofa tatu. Sote tukageukia kioo.

Mashine mpya ilifungua ule mchoro kwa sekunde kumi na moja. Kaka akauzungusha, akaingia jikoni, akatoka barazani, laini kabisa. Lile la seva likachukua sekunde thelathini na nane, na kila akizungusha nyumba linasita kidogo kama linafikiria.

"Programu ya kuchorea inamtuma kibarua mmoja tu," fundi akasema. "Hao kumi na saba wamekaa."

Meno yote thelathini na mawili ya kaka yakawa nje. "Basi mashine imejichagua yenyewe."

"Subiri, mzee. Hii ndiyo kazi yote ya ofisi?"

"Ndiyo kazi yote. Kuna mtoto ana picha zake, lakini zile ni picha tu. Zinaweza kungoja."

Hapo simu mezani ikasema, kwa upole kabisa, "Shangazi, nakata."

Nilikuwa sijaikata! Nilidhani amekata yeye, na yeye alikuwa anangoja kama babake atahitaji msaada tena. Kaka hakusikia, alikuwa ameinamia nyumba yake. Fundi alisikia. Tuliangaliana, na mimi nikatamani sakafu inimeze.

Halafu damu ikanichemka. Nilikuwa nimeapa kutosema habari za barua, lakini sikuwa nimeapa kutosema habari za simu.

"Kaka, mara ya mwisho simu ya ofisi kukuulizia wewe ilikuwa lini?"

"Swali gani hilo?"

"Swali la karani. Mimi ndiye ninayepokea. Simu tatu kati ya nne ni za mtoto. Bonde la maji ni lake. Mashamba ya chai, yake. Ule uwanja wa shule, wake. Hata huyo mwenye ghorofa yako alikuja kwanza kwa ajili ya kiwanja chake kupigwa picha, ndipo akauliza kama tunachora na nyumba."

Akanitolea macho. "Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu mimi ni mjinga. Sasa nimekuambia."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Kisha akachukua simu yangu, akampigia mtoto yeye mwenyewe. "Njoo kwa fundi," akasema. "Njoo na picha zako za bonde." Akakata.

Binti alifika baada ya dakika arobaini. Alitusalimia vizuri, hakununa, hakunikata jicho hata mimi. Akachomeka diski yake, akanakili picha mia sita katika mashine zote mbili, akazianzisha kwa pamoja. Fundi akazungusha saa yake ya mayai. Lidude la seva likapandisha mngurumo, na kwenye kioo chake vibarua wote kumi na wanane wakaonekana wameingia kazini.

Kwa kuwa utaratibu wa fundi haumruhusu mteja kuondoka, kaka ilibidi akae. Miaka sita hakuwahi kuketi nyuma ya mtoto wake na kutazama anachofanya. Haukupita muda ubishi wake ukamshinda.

"Hivi vidoti vyeupe ni nini?"

"Alama nilizoweka chini, Baba. Nimezipima moja moja kabla ya kurusha droni. Bila hizo ramani inaelea tu. Kwa hizo kosa halizidi sentimita mbili."

"Sentimita mbili ni nyingi."

"Bonde lina kilomita nne."

Midomo ya kaka ikaanza kucheza, ishara kwamba anapiga hesabu kichwani. Akatazama kioo, akatazama dari. "Mimi bonde kama hili nilipima nikiwa kijana," akasema mwishowe. "Wiki tatu, watu wanne, na tulikosea zaidi ya hapo. Mara kumi zaidi." Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma kipimo kwenye futi. Kwa kaka yangu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Dakika ya hamsini mashine mpya ikajaa memori, programu ikajifunga yenyewe, kazi yote ikapotea. Binti akaianzisha tena, ikajifunga tena pale pale. Lile lidude lilinguruma saa mbili na dakika kumi, mara bonde zima likatokea kwenye kioo, na mto, na mitaro, na njia nyembamba ya watu wanaokwenda kuteka maji.

Kaka akasimama. Magoti yalimlia. "Fundi, tunachukua hii kubwa."

Nikashusha pumzi. Nilijiona nimeokoa jahazi.

"Baba, chukua ile ndogo," binti akasema. "Ndiyo inayokufaa. Mimi kuna watu waliniita kazini kwao, na nimewajibu. Nimewajibu nikiwa njiani kuja hapa."

Fundi akaanza kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake. Mimi nilitaka kulia, na nikalia kweli, sioni aibu kusema. Wa kulaumiwa sikumjua. Kila mmoja wetu alikuwa amekaa na neno moja asilomwambia mwenzake, na yule aliyelisema alilisema mahali pabaya.

Kaka hakuuliza kampuni gani, wala wanalipa nini. Alikaa tena kwenye kiti. "Unaanza lini?"

"Baada ya wiki mbili."

"Ulinisikia kwenye simu?"

"Nilikusikia."

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa. Nilingoja ajitetee. Milimita hajawahi kushindwa kujitetea, hata mbele ya polisi wa barabarani. Safari hii alijikaza kisabuni, akageukia fundi. "Funga hii kubwa."

"Mzee, kwa michoro yako itakuchelewesha kila siku."

"Funga." Kisha akamwambia binti, "Hizo wiki mbili, nifundishe."

Akafundishwa. Kila siku saa nane mchana mtoto alikaa kiti cha mbele na babake kiti cha nyuma, na daftari, akiandika kila hatua kwa herufi zile zile kubwa za ramani zake. Nilikuwa nikiwasikia kutoka mezani kwangu. "Baba, usiguse hapo." "Nimegusa wapi?" "Hapo ulipogusa." Michoro yake aliifungua asubuhi, na aliisubiri kweli, sekunde thelathini na nane kila mara, bila yeye kunung'unika, jambo lililonitia wasiwasi wa afya yake. Ramani ya bonde ikaenda kwa wenye maji kwa wakati. Ijumaa ya pili mtoto akafunga begi lake, akatukumbatia, akashuka ngazi.

Jumatatu iliyofuata alikuja mwenye shamba akitaka shamba lake lipigwe picha. Kaka alikodi mrusha droni, akaweka alama chini mwenyewe kwa magoti yake yale, akarudi na picha mia mbili. Akaziingiza. Saa nzima lidude likanguruma, kisha shamba likatoka limepinda kama chapati. Akarudia, likapinda tena. Akasoma daftari lake mbele na nyuma. Mwisho akaja kwenye meza yangu, akavuta simu ya ofisi, akabonyeza namba taratibu, akasubiri amesimama wima kama mtu aliye mlangoni kwa mkubwa.

"Mwanangu," akasema, "samahani kukusumbua kazini."